PS yako inajizima kwa joto? Soma hii kabla hujaipeleka kwa fundi

Mechi iko dakika ya 70, feni inavuma kama mashine ya kukoboa mpunga, halafu kioo kinakuwa cheusi. PS imejizima. Waliolipia wanadai hela yao au mechi nyingine.

Kama unaishi Ndungu, Maore au Kihurio, ishu hii sio ngeni. Mashine za gemu nyingi huku zinafika zikiwa zimeshatumika, zinafanya kazi saa nyingi kwa siku, na kumpata fundi anayezijua vizuri mara nyingi ni safari ya Same au Moshi. Ndiyo maana watu wanajaribu kutengeneza wenyewe. Wengine wanafanikiwa. Wengine wanaua mashine ambayo ilikuwa inahitaji kupigwa brashi tu.

Jibu fupi kwa mwenye haraka

- Mashine inayozima baada ya kucheza muda mara nyingi haijaharibika. Imekosa hewa, imejaa vumbi, au pesti yake imekauka.
- Anza na hatua za bure: sehemu ilipokaa, nafasi ya hewa, usafi wa nje.
- Kufungua ni hatua ya tatu, sio ya kwanza.
- Usiifunike na taulo, usiichome na hotgani, usiiweke kwenye friji. Hayo sio matengenezo.
- Ukisikia harufu ya kuungua, chomoa waya ukutani na uishie hapo.

Kwa nini huku tambarare inazidi

Ndungu iko chini, kwenye tambarare kati ya Milima ya Pare Kusini na Hifadhi ya Mkomazi. Kwa kawaida hewa hupoa kama nyuzi 6 za Selsiasi kila unapopanda mita 1,000. Kwa hiyo PS ileile inayopiga kelele Ndungu saa nane mchana inaweza kutulia kabisa ukiipandisha kwa ndugu yako kule Mamba, bila fundi kuigusa.

Sasa angalia maelekezo ya mtengenezaji. Sony inasema PS4 na PS5 zitumike kwenye joto la nyuzi 5 hadi 35. Hilo ni joto la chumba, sio la mashine yenyewe. Kibanda cha bati, mlango mmoja, pazia limeshushwa ili kioo kionekane vizuri, vijana kumi na tano ndani: nyuzi 35 zinapitwa hata kabla hujawasha kitu. Watu hawakukosea kuyaita mabanda ya aina hiyo "banda umiza". Linaumiza mashine pia.

Halafu kuna vumbi. La barabarani, la sakafu ya udongo, na msimu wa mavuno lile la pumba za mpunga. Feni ya PS inavuta hewa siku nzima, na vumbi linaingia humo humo na kuganda.

Joto linatoka wapi

Kuelewa hili kunakuokoa hela, kwa hiyo tulia kidogo.

Ndani ya mashine kuna chipu kubwa inayofanya hesabu zote za mchezo na picha. Inapofanya kazi inatoa joto. PS4 ya kwanza, ile nene iliyotoka mwaka 2013, inaweza kuvuta umeme hadi wati 250. PS4 Slim inaishia wati 165. PS5 inafika wati 350. Karibu umeme wote huo unaishia kuwa joto ndani ya boksi dogo.

Joto linatoka kwa njia moja: kutoka kwenye chipu linapita kwenye pesti ya joto, ule utando laini kama greisi. Kutoka hapo linaingia kwenye hitsinki, kipande cha chuma chenye mapezi mengi membamba. Feni inapuliza hewa katikati ya mapezi, na hewa ya moto inatoka nyuma.

Njia hiyo ikiziba sehemu yoyote, chipu inazidi kupata moto. Feni inaongeza kasi, ndiyo ile kelele. Ikishindikana, mashine inajizima yenyewe ili isiungue. Kwa maana hiyo kujizima ni kinga. Ubaya ni kuiwasha tena papo hapo na kuendelea hivyo kila siku.

Soma dalili kwanza

Sio kila kuzima ni joto. Tofautisha hivi:

- Feni inapiga kelele sana, lakini mchezo unaendelea. Nafasi ya hewa ndogo au vumbi. Bado una muda.
- Inazima baada ya dakika 20, 30 au zaidi, na inaonyesha ujumbe kwamba imepata moto mno. Hilo ni joto kweli. Vumbi, feni mbovu au pesti iliyokauka.
- Feni haisikiki kabisa, na mashine inachemka haraka. Feni imekufa au imeziba. Usiendelee kucheza.
- Inazima ndani ya sekunde chache hata asubuhi ikiwa ya baridi. Hapo joto sio mshukiwa wa kwanza. Inaweza kuwa pawasaplai au hitilafu kwenye bodi.
- Inawaka lakini hakuna picha. Jaribu kebo nyingine ya HDMI na runinga nyingine kabla hujafungua chochote. Soketi ya HDMI huharibika sana kwenye vibanda kwa kuchomolewa kila mara.
- Inashindwa kusoma CD. Mara nyingi ni lenzi au CD yenyewe. PS2 nyingi zimefunguliwa kwa "joto" wakati ugonjwa ulikuwa lenzi chafu.

Hatua ya 1: Badilisha mahali, usiguse bisibisi

Hii ni bure na inasaidia wengi kuliko wanavyotarajia.

1. Itoe ndani ya kabati la runinga. Iweke mezani, juu ya kitu kigumu. Sio kitandani, sio kwenye zulia, sio sakafuni.
2. Acha angalau sentimita 10 kutoka ukutani. Nyuma ndipo hewa ya moto inapotoka.
3. Ondoa kile kitambaa cha kufuma juu yake. Kinapendeza, ila kinaziba.
4. Usiipandishe juu ya king'amuzi au redio. Vyote vinatoa joto.
5. Fungua dirisha au acha upenyo juu ya ukuta, hewa ya moto itoke. Ukiweza weka dari, hata ya magunia, bati lisipige joto moja kwa moja.
6. Feni ya kawaida ya chumba inasaidia kuondoa hewa ya moto kuzunguka mashine. Haiwezi kuifanya iwe baridi kuliko hewa ya chumba, na ukiielekezea kutoka mlango wa vumbi unaongeza tatizo.
7. Nyunyiza maji kidogo kabla ya kufagia sakafu ya udongo, mashine ikiwa imezimwa na kufunikwa. Ukianza kazi, funua kwanza ndipo uwashe.

Jaribu siku tatu. Ikitulia, tatizo lilikuwa chumba.

Hatua ya 2: Usafi wa nje

Zima kwa utaratibu, chomoa waya ukutani, subiri nusu saa ipoe. Halafu:

- Tumia brashi laini kavu, hata ya rangi mpya, kusafisha matundu yote ya hewa.
- Pampu ya baiskeli inatosha kupuliza vumbi. Puliza kwa vipindi vifupi.
- Usipulize kwa mdomo. Unaingiza mate.
- Usiipeleke kwa fundi wa pancha ikapulizwe na kompresa. Upepo wake ni mkali mno, na mara nyingi unatoka na matone ya maji na mafuta.
- Feni ikionekana, izuie kwa kijiti isizunguke wakati unapuliza. Ikizungushwa kwa nguvu inaweza kuharibika.

Fanya kazi hii nje, sio ndani ya kibanda. Vumbi unalolitoa litarudi palepale.

Hatua ya 3: Kuifungua

Hapa jiulize kwanza: je, mashine bado ina waranti? Kama ndiyo, usiguse. Rudisha dukani. Kama ni ya mtumba, uamuzi ni wako.

Tafuta namba ya modeli. Kwenye PS4 inaanza na herufi CUH, imeandikwa nyuma au chini. PS4 nene, Slim na Pro hazifunguliwi kwa namna moja, kwa hiyo tafuta video ya namba hiyohiyo na uishushe kwenye simu kabla hujaanza. Bando likikata katikati ya kazi utabaki na skrubu mkononi.

Utahitaji bisibisi ya skrubu za nyota yenye pembe sita, ile yenye kitundu katikati ya ncha. Usilazimishe na bisibisi ya kawaida wala kisu. Ukiua kichwa cha skrubu, kazi ya dakika 20 inakuwa ya siku nzima.

Kwa PS4 nene, mfuatano uko hivi:

1. Chomoa kila kitu. Subiri angalau nusu saa.
2. Toa skrubu za nyuma. Baadhi zimefichwa chini ya stika.
3. Inua kifuniko cha chini taratibu. Piga picha kila hatua.
4. Utaiona feni, na pembeni yake boksi la pawasaplai. Mapezi ya hitsinki yamejificha chini ya pawasaplai hiyo, na hapo ndipo uchafu mwingi unapoganda.
5. Toa skrubu za pawasaplai. Ina kebo ndogo inayoungana na bodi. Ichomoe kwa kushika plagi yake, usivute nyaya.
6. Inua pawasaplai wima. Piga brashi mapezi ya hitsinki, kisha puliza. Safisha kila upanga wa feni.
7. Rudisha kwa kufuata picha zako kinyumenyume.

Onyo ambalo halina mjadala: usilifungue boksi la pawasaplai lenyewe. Ndani kuna kapasita zinazoweza kushikilia umeme wa zaidi ya volti 300 hata baada ya kuchomoa waya. Huo unaua. Itoe nzima, isafishe kwa nje, irudishe nzima. Na watoto wasikae mezani unapofanya kazi hii.

Hatua ya 4: Pesti ya joto

Umeshaisafisha, feni inazunguka vizuri, chumba kina hewa, na bado inazima? Pesti huenda imekauka na kuwa kama unga.

Kuibadilisha kunahitaji kushuka hadi kwenye bodi, na kama hujawahi kufungua mashine, mpe mtu aliyewahi. Mambo ya kujua, hata kama fundi ndiye anayefanya:

- Pesti ya zamani ifutwe yote, kwa kitambaa kisichotoa nyuzi na alkoholi safi ya isopropili. Mafuta ya taa na petroli havifai.
- Pesti mpya ni kidogo, kama punje ya mbaazi katikati ya chipu. Nyingi haipozi zaidi, inamwagika pembeni.
- Dawa ya meno sio pesti ya joto. Inakauka mapema na kukurudisha ulikotoka.
- Vipande laini kama mpira vilivyo juu ya chipu ndogo visitupwe. Navyo vinapitisha joto.
- Skrubu za kubana hitsinki zikazwe kwa kupokezana, kidogo kidogo, ili ikae sawa.

Taulo na hotgani: kwa nini zinadanganya

Bado kuna watu wanaofundishana kufunika mashine na taulo iwake mpaka ichemke, au kupuliza chipu na hotgani. Na kweli, wakati mwingine mashine iliyokufa inawaka. Ndiyo maana imani hii haifi.

Chanzo chake kikubwa ni Xbox 360, iliyotoka mwaka 2005. Nyingi zilikufa zikionyesha taa tatu nyekundu. Julai 2007 Microsoft ililazimika kuongeza waranti ya tatizo hilo hadi miaka mitatu, na ikatenga zaidi ya dola bilioni 1 kwa ajili hiyo. Watumiaji waliochoka kusubiri wakaanza mambo ya taulo.

Mwaka 2021 Microsoft yenyewe ilieleza kilichokuwa kinatokea: viungio vidogo ndani ya chipu vilikuwa vinapasuka kwa kupata moto na kupoa, kupata moto na kupoa, mara nyingi. Ukiipasha moto tena, chuma kinatanuka na ufa unagusana kwa muda. Mashine inawaka siku kadhaa, pengine wiki, halafu inarudi kufa. Safari hii na sehemu nyingine zimeathirika kwa joto ulilolipika wewe.

Kwa hiyo fundi akikuambia "nimeichoma, imepona", muulize amechoma nini na anatoa muda gani wa kuirudisha ikizima. Ukinunua mashine ya mtumba, swali hilohilo: imewahi kuchomwa? Wapo wanaoichoma asubuhi ili waiuze jioni.

Friji na barafu nazo ziepuke. Ukitoa kitu cha baridi kwenye hewa ya moto, unyevu unajitengeneza juu yake, kama chupa ya soda inavyotoka jasho. Jasho hilo kwenye bodi ni shoti.

Umeme nao unahusika

Umeme wetu ni wa volti 230. Ukishuka sana jioni, pawasaplai inavuta mkondo mkubwa zaidi ili kupata nguvu ileile, na yenyewe inapata moto zaidi. Ukikatika ghafla, feni inasimama wakati chipu bado inachemka, na diski inaweza kupoteza data. Ukirudi kwa kishindo, unaweza kuunguza pawasaplai.

- Umeme ukikatika, chomoa. Ukirudi, subiri dakika chache ndipo uchomeke.
- Tumia stabilaiza inayobeba mzigo wako. Jumlisha wati za runinga na za mashine zote kabla ya kununua.
- Ekstensheni moja isibebe kila kitu. Plagi ikiwa ya moto ukiigusa, hiyo ni dalili ya hatari.
- Mashine iliyotoka nje ya nchi, soma lebo yake. Kama imeandikwa 100V peke yake, ukiichomeka ukutani moja kwa moja umeiua.

PS5: angalizo la peke yake

PS5 haitumii pesti ya kawaida kwenye chipu yake kuu. Inatumia metali ya kimiminika, ambayo inapitisha joto vizuri lakini inapitisha na umeme. Tone moja likihamia sehemu nyingine ya bodi, umepoteza mashine.

Unachoruhusiwa bila wasiwasi: toa mabamba ya pembeni kwa mkono, hayahitaji bisibisi, na safisha matundu maalum ya kukusanya vumbi. Ishia hapo.

Maswali manne ya kumuuliza fundi

1. Umegundua tatizo ni nini, na umejuaje?
2. Utasafisha, utabadilisha kifaa, au utachoma chipu?
3. Kifaa cha zamani utanirudishia?
4. Ikizima tena ndani ya mwezi, tunafanyaje?

Anayeijua kazi yake anajibu bila kukasirika. Na kabla hujaiacha, ipige picha nyuma panapoonyesha namba ya mashine.

Ratiba kwa mwenye kibanda

- Kila siku: futa vumbi juu na pembeni kabla ya kuwasha. Saa za jua kali, kama una mashine mbili, zipokezane.
- Kati ya mteja na mteja: usizime na kuwasha kila dakika tano. Iache kwenye menyu.
- Kila wiki: brashi kwenye matundu yote.
- Kila miezi mitatu hadi minne: usafi wa ndani, kwa sababu ya vumbi letu. Kiangazi kikali, mapema zaidi.
- Ikizima kwa joto: chomoa, subiri nusu saa, tafuta sababu. Ikizima mara mbili siku hiyohiyo, funga kazi ya mashine hiyo kwa leo.

Rudishia mteja hela ya mechi moja. Ni ndogo kuliko bei ya bodi.